Kichwa kuuma msimu wa baridi: Uviko, malaria au jiko la mkaa?

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya Mbeya, Njombe na Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, hukaza, mafua huzunguka nyumba hadi nyumba, na kila mgonjwa analalamikia kichwa. Uviko-19 bado upo, ingawa Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura Mei 2023, na kichwa kuuma ni mojawapo ya dalili zake za mapema. Mara nyingi huuma pande zote mbili, hasa kwenye paji la uso, kwa kubana, na dawa inaweza kupunguza tu bila kumaliza. Hata hivyo, kichwa peke yake hakitambulishi ugonjwa. Angalia kinachoandamana nacho: koo, mafua, kikohozi, homa, uchovu, kupotelewa na harufu.

Kabla ya kusema ni korona, ondoa mambo mawili. Aliyetoka maeneo ya joto yenye malaria kama Kyela, Usangu au Kilombero wiki chache zilizopita akipata homa na kichwa, apimwe malaria siku hiyohiyo. Tangu kuumwa na mbu hadi kuugua hupita wiki moja hadi mbili, pengine zaidi, hivyo watu huwa wameshaisahau safari. Panado hushusha homa kwa saa chache, mgonjwa akadhani amepona.

La pili linatutia wasiwasi zaidi: jiko la mkaa chumbani. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi, ndio unaowadanganya wengi. Dalili zake ni kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu bila homa. Watu wawili watatu wa nyumba moja huamka nazo pamoja, na hupata nafuu wakitoka nje. Hapo dawa si panado. Watoeni nje wote, fungueni milango, na aliyechanganyikiwa au kuzimia awahishwe hospitali. Kwa sababu hiyohiyo, usijifukize nyungu ukiwa na jiko chini ya blanketi. Mvuke huifungua pua kidogo tu, hauui virusi, na sufuria ya maji ya moto huunguza vibaya.

Kutuliza maumivu, mtu mzima anywe parasetamo (panado) ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Kosa la kawaida ni kuongeza dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamo ndani, ini likabeba mzigo maradufu, soma kasha. Mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe nyingi apangiwe kiwango kidogo. Mtoto hupimiwa dawa kwa uzito wake, na asipewe aspirini. Diklofenaki na ibuprofeni hazimfai mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala mjamzito. Antibayotiki haziui virusi.

Maji yanywewe hata bila kiu. Na kwa mtu aliyezoea chai ya rangi kali kila asubuhi, kuikatisha ghafla akiugua kunaweza kuleta kichwa kingine ndani ya siku moja. Aendelee na kikombe chake.

Usikae nyumbani ikiwa kichwa kimelipuka ghafla kwa nguvu, shingo imekakamaa, kuna degedege, kuchanganyikiwa, kutapika kusikokoma, upande mmoja kulegea, au pumzi kubana. Mwenye kifaa cha kupima oksijeni kidoleni apashe vidole moto kwanza na kufuta rangi ya kucha, maana kidole cha baridi husoma chini. Oksijeni ikibaki chini ya asilimia 94, aende hospitali.

Mjamzito aliyevuka wiki 20 apimwe presha na mkojo hata kama ana mafua, kwani kifafa cha mimba hutanguliwa na kichwa. Mwenye VVU ambaye kichwa kinazidi wiki hadi wiki achunguzwe homa ya uti wa mgongo ya fangasi, hata bila shingo kukakamaa. Anayemeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi amwone daktari, kwa sababu dawa zenyewe zinaweza kuwa ndizo zinazokirudisha kichwa.