Usisubiri mtoto aseme haoni vizuri

Binti yangu alianza na vipele vidogo vikavu vya rangi ya hudhurungi kabla hajafikisha miaka miwili. Tukapaka krimu, vikapungua, vikarudi. Baadaye vifundo vya miguu na vya mikono vikavimba, ukivibonyeza ni laini, lakini mwenyewe alikimbia kama kawaida. Tukaambiwa ni baridi yabisi ya watoto. Jina la sarkoidosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huunda vinundu vidogo vya uvimbe mwilini, nililisikia baada ya mwaka mzima, kipande cha ngozi yake kilipopimwa kwa hadubini na kuonekana vinundu hivyo.

Mwaka huo wote sikumpeleka kupima macho, na hilo ndilo linaloniuma. Hayakuwa mekundu, hakulia, hakuyafikicha. Mtoto wa umri ule hajui kwamba anaona ukungu, atajuaje? Ndivyo alivyouzoea ulimwengu. Daktari wa macho alipommulika, mboni ya jicho la kushoto ilikuwa imegandana na lenzi, si duara tena. Uvimbe wa ndani ya jicho ukiachwa huleta mtoto wa jicho, presha ya macho, hatimaye upofu. Basi mwanao akiwa na vipele na viungo vilivyovimba, dai apimwe macho mapema, na umrudishe kila miadi hata kama anacheza vizuri.

Picha safi ya kifua isikutulize. Kwa wakubwa ugonjwa huu hupenda mapafu. Kwa walio chini ya miaka mitano mara nyingi hushika ngozi, viungo na macho.

Dawa za steroidi, za kutuliza uvimbe, zilimpa hamu ya kula ya ajabu na mashavu ya duara. Usizikatize ghafla, hata ukichoshwa na maneno ya watu. Methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ni mara moja kwa wiki, si kila siku. Mimi niliandika siku yake kwenye mlango wa kabati. Vitamini D na kalisi (kalsiamu) usimpe kwa hiari yako, maana ugonjwa wenyewe unaweza kupandisha kalisi mwilini na kuumiza figo. Kabla ya chanjo yoyote, mtajie daktari dawa anazotumia.

Uliza pia kipimo cha jeni ya NOD2. Kuna sura ya kurithi ya ugonjwa huu, huitwa Blau, na mzazi mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuipitisha kwa kila mtoto. Majibu yetu yaliposomwa, mume wangu alinyamaza. Vidole vyake havinyooki tangu utotoni, na jicho lake moja halioni. Kwao walisema alianguka.