Jibu: Kwa nini binti wa pasha humpenda kijana wa wakulima?
Umeuliza kwa nini filamu za zamani za Misri hazikosi binti wa pasha (bwana mkubwa mwenye ardhi) anayempenda kijana wa wakulima. Ndugu yangu, angalia miaka. Mapinduzi yalikuwa Julai 1952, na Septemba hiyo hiyo sheria ikawawekea wenye ardhi kikomo cha fedani 200 (fedani moja ni karibu ekari moja). Sasa itazame filamu ya Sira' fi al-Wadi ya mwongozaji Youssef Chahine (1954). Omar Sharif anaigiza injinia wa kilimo. Miwa ya wanakijiji inaishinda ya pasha kwa ubora, naye kwa uchu wa mali anakigharikisha kijiji. Binti yake, anayeigizwa na Faten Hamama, ndiye anayempenda kijana huyo! Ugomvi wa ardhi umeingia hadi moyoni. Mimi huniliza zaidi yule baba wa kijana, anayenyongwa kwa kusingiziwa. Anza na hiyo.