Njiwa ni njiwa, ila tetere mwacheni

Swali lenu la wiki hii, "Ukisema njiwa unamaanisha ndege yupi hasa?", nilitaka nilipite tu lakini limenikaa kooni. Jibu la haraka ni wote. Njiwa ni ukoo mzima, wataalamu wanauita Columbidae, una aina zaidi ya 300, na hata yule dodo wa Mauritius aliyetoweka karne ya 17 alikuwa humo humo. Sasa mtu akija na ubishi eti hua sio njiwa, tetere sio njiwa, pugi sio njiwa, ninga sio njiwa, anajichosha bure. Waangalie wakinywa maji: wanazamisha mdomo na kuvuta tu, hawainui kichwa kila funda kama kuku. Ukoo ndo huo.

Lakini mimi linaloniwasha ni lingine kidogo. Jina hilo linamfaa nani, na linamponza nani?

Nilikuwa napanga chumba cha juu, na tetere akaja kujenga juu ya kiyoyozi cha jirani, mzee mmoja mstaafu, mtu wa usafi kupita kiasi. Kujenga nako ni jina tu manake tetere hajui kujenga, ni vijiti vichache vimelaliana ovyo, ukisimama chini unaona mayai yanakuchungulia, mawili, meupe. Mzee akaja kuniomba ufagio mrefu. "Kijana, njiwa wameniingilia, hawa ni uchafu na magonjwa, leo nawatoa." Nikamwambia mzee, shikamoo kwanza, halafu huyo sio njiwa, huyo ni tetere. Akanyamaza. Akauliza, "Tetere?" Nikasema ndiyo mzee, tetere, angalia alivyo mdogo, sikiliza anavyolia. Nilijua kabisa kwamba tetere ni njiwa, nilisema vile kuokoa mayai, na wala sijutii. Yule mzee akashusha ufagio, akasema basi tetere mwache, tetere hana neno.

Nikawa kila nikipata nafasi naangalia. Mchana dume ndo analalia, jioni jike anampokea, mpaka ukadhani wana ratiba ukutani. Kama wiki mbili hivi mayai yakaanguliwa, vitoto vibaya kwa sura kweli kweli, vinyoya vyenyewe kama uzi, vinaingiza mdomo ndani ya mdomo wa mzazi vinanyonya. Ndiyo, vinanyonya! Njiwa wana maziwa yao, yanatoka kwenye gole, kile kifuko cha chakula shingoni, na baba anayo sawa na mama, ndo chakula cha siku za mwanzo. Mzee nilipomweleza hilo alivuta kiti kabisa, akawa anakaa pale dirishani kuwaangalia, anamkaripia paka wa watu. Akaanza kuwaita tetere wangu.

Alafu sasa, mzee huyo huyo, wiki hiyo hiyo, akamwita fundi aje kuweka miba ya chuma juu ya paa ili njiwa manga wasitue. Wale wa kijivu. Nikamwambia mzee, hawa ni ndugu, wanalea vile vile, maziwa yale yale. Akanijibu, "Hao ni njiwa." Basi. Kesi imefungwa.

Ndo maana nasema jina linaponza. Wale weupe wanaorushwa kwenye sherehe, wa amani, wengi wao ni njiwa manga hao hao waliochaguliwa rangi, aina moja na wale wa paani. Mweupe tunampigia makofi, wa kijivu tunamwekea miba, wakati babu yao ni mmoja, alikuwa akiishi kwenye miamba kabla binadamu hajamfuga. Na wingi wao nao usitudanganye, maana kuna njiwa wa Marekani, wa kuhamahama, walikuwa mabilioni, wakawindwa na misitu yao ikakatwa mpaka wa mwisho akafia kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914.

Nilipoanza kuandika nilikuwa upande wa jina moja, njiwa kwa wote, tusigawane ukoo. Saa hivi sina uhakika huo. Ufagio ule haukushushwa na Columbidae, ulishushwa na tetere. Hata Biblia ya Kiswahili kwenye Luka 2:24 imewatenganisha, "hua" kivyake na "njiwa" kivyake, na hakuna msomaji aliyepotea hapo. Kwa hiyo jibu langu, mkinibana, ni kwamba njiwa ni wote lakini tusimwite njiwa yeyote ambaye tunajua jina lake. Watoto wafundishwe tetere, hua, pugi na ninga kabla ya kufundishwa ukoo. Ila najua majina haya yanahama, anayeitwa hua huku kule ni tetere, kwa hiyo atakayechora kitabu cha shule aweke picha, la sivyo tutarudi kwenye ubishi ule ule. Na njiwa manga je? Kwa huyo sijapata jina la kumwokoa, mwenye nalo alete.