Barua kwa mwanangu: kabla ya transfa ya nne

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata, na picha pia. Unauliza kitu kimoja: Hilux yako imeshakula transfa tatu (lile boksi linalogawa nguvu ya injini mbele na nyuma) ndani ya miaka miwili, je, ufunge ya nne au uiuze? Habari ya kuuza tuiache kwanza. Mimi nataka kumjua anayeziua, maana nimeuza spea Mwanjelwa, Mbeya, miaka mingi na neno langu unalijua: spea haiponyi gari.

Picha za transfa ya kwanza na ya pili nimezitazama na miwani, nikamwita na mdogo wako azitazame. Ndani ya ganda la aluminiamu kuna mfereji unaong'aa, kama mtu kapitisha tupa. Hiyo ni cheni iliyorefuka, ikizunguka inapiga ganda. Sasa cheni ya gari lako kazi yake ni kupeleka nguvu mbele tu. Ukiwa H2, tairi za nyuma tu zikivuta, nguvu inapita moja kwa moja kwenye propela ya nyuma (ile shafti ndefu ya kwenda kwenye ekseli), cheni haibebi mzigo. Kwa hiyo aliyeivuta aliivuta gari likiwa H4 au L4, yaani tairi zote nne zikivuta (L4 ni ile gia nzito). Ya tatu ni ugonjwa mwingine kabisa: beringi ya kutokea nyuma imekwisha na sili imetema oili. Usizichanganye, na fundi asikwambie "transfa hizi ni mbovu tu".

Unajua zile kona 57 za kushuka kutoka Matamba. Wakati wa mvua dereva wako anaweka H4, na hapo hana kosa. Kwenye tope tairi inateleza kidogo, basi yanaisha. Lakini mkifika Chimala mnaingia lami. Gari lako halina difu katikati, ile gia inayoruhusu pande mbili kuzunguka kwa kasi tofauti. Ukiwa H4 propela ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja, lazima zizunguke sawasawa. Kwenye kona tairi za mbele zina safari ndefu kuliko za nyuma, na lami haikubali kuteleza. Ule mvutano wote unaishia kwenye cheni, kwenye krosi (maungio) za propela na kwenye meno.

Utasema dereva anarudisha H2. Ndiyo, anarudisha mkono wa gia. Je, taa ya dashibodi inazimika? Mvutano ukishajaa, mkono unaweza kurudi na meno bado yameng'ang'ania. Taa isipozimika, arudi nyuma mita chache akiwa amenyoosha usukani, mpaka aone imezima. Kuupiga teke mkono wa gia ndiko kunakopinda uma wa ndani.

Halafu tairi. Umeandika, kama kitu kidogo tu, kwamba ulinunua mbili mpya ukazifunga mbele, na za nyuma zimebaki kipara. Nimechukua kalamu. Tairi yako ya 265/70R16 ikiwa mpya mzunguko wake ni kama milimita 2,440. Mbele kashata (meno ya tairi) ina kina cha milimita 10, nyuma 3: tofauti ya 7 kutoka katikati ya gurudumu hadi chini, ambayo ni milimita 44 kila mzunguko. Katika kilomita moja tairi inazunguka kama mara 410. Zidisha: mita 18. Kila kilomita ya lami mkiwa H4, kuna mita 18 ambazo lazima tairi iburuze au kitu kikatike. Na gunia za viazi zikikalia nyuma, zile kuukuu zinabonyea zaidi.

Ila najibishana mwenyewe. Kwenye kona tairi kubwa ya mbele inakusaidia kidogo, kwa kuwa mbele ndiko kwenye njia ndefu. Na mkiwa H2 tofauti ya tairi haidhuru transfa hata chembe. Basi tairi peke yake haitoshi kumaliza cheni mbili. Tairi pamoja na H4 iliyosahaulika kwenye lami, hapo naamini. Au kuna jambo la tatu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Ile difu ya nyuma uliyobadilisha mwaka juzi, nani alihesabu meno?

Unamkumbuka yule mteja wa Tukuyu. Ulikuwa darasa la tano, wewe ndiye uliyeshika chaki. Nilimuuzia ekseli nzima ya nyuma, nikamwambia kwa mdomo wangu, "Hilux ni Hilux, itaingia." Iliingia kweli, boliti zote zilikubali. Akaja kununua transfa, akaja tena kununua ya pili, na mimi nikampunguzia bei nikidhani namsaidia. Marehemu baba yako ndiye aliyeliingiza gari uani na kupiga jeki. Akazungusha gurudumu mara 20, wewe unachora mistari ukutani kila propela inapomaliza mzunguko. Nyuma 41, mbele 43. Nilikuwa nimemuuzia difu ya 4.10 kwenye gari la 4.30, yaani propela inazunguka mara 4.10 badala ya 4.30 kila krauni, ile gia kubwa ya difu, inapozunguka mara moja. Karibu mita 50 kila kilomita! Ekseli niliipokea na hela nikarudisha. Hela ya zile transfa mbili sikurudisha. Baba yako hakusema kitu, alifuta mikono kwenye kitambaa akaenda kunywa chai. Hadi leo sijui kama nilimtendea haki mtu yule, na yeye hakurudi tena dukani.

Basi fanya vilevile. Gari kwenye sakafu tambarare, gia nyutro, transfa H2. Zuia tairi za mbele kwa mawe mbele na nyuma, inua gurudumu moja tu la nyuma, weka stendi, usiamini jeki. Shusha breki ya mkono. Piga alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Lile gurudumu lililobaki chini ndilo linalokupa hesabu: mizunguko 20 ya tairi ni 10 ya krauni. Propela ikizunguka 41 una 4.10, 43 ni 4.30; kama 45 na nusu ni 4.56, karibu 49 ni 4.88. Kisha nenda mbele, funga habu (kufuli za magurudumu ya mbele), inua gurudumu moja, breki ya mkono juu, tairi za nyuma zizuiwe, uhesabu tena. Kibati cha chasisi chenye neno AXLE kisikudanganye. Kinataja difu iliyotoka nayo kiwandani, siyo iliyofungwa gereji. Kama difu ya nyuma ni ya kubana, ile isiyoacha tairi moja izunguke kivyake kirahisi, inua magurudumu yote mawili uyazungushe pamoja mara 10.

Ya tatu, ile ya beringi, nadhani umeiua mwenyewe kwa upendo. Uliongeza majani mawili ya springi ili ubebe gunia zaidi, mkia wa gari ukapanda, pembe ya propela ikabadilika. Gari likiwa tupu propela inatetemeka, na beringi ya nyuma ya transfa ndiyo inayopokea. Angalia pia masikio ya propela (yanayoshika krosi) pande zote mbili: yawe kwenye mstari mmoja. Fundi akiichomoa kwenye mtelezo na kuirudisha jino moja pembeni, huoni kitu ukitazama haraka, lakini sili haidumu. Raba za kubebea giaboksi zikague kwa mtaimbo.

Oili unaijua. Fungua nati ya kujazia gari likiwa sawa, kidole kidogo kiiguse mdomoni mwa tundu. Transfa ikimwaga oili nyingi na oili ya giaboksi imepungua, sili iliyo kati yao imekufa na oili inahama; kuongeza tu hakusaidii. Aina isome kwenye kitabu cha gari, maana kuna transfa za oili ya gia 75W-90 na kuna za ATF, oili ya giaboksi za otomatiki. Na kipumulio kizibue. Kikiziba kwa tope, hewa ya moto inasukuma oili kwenye sili. Ukiingia mtoni boksi likiwa moto, linapoa ghafla na kunyonya maji. Ukiona oili ina rangi ya chai ya maziwa, jibu ni hilo.

Kuuza? Mkwe wangu naye kanipigia, anataka niseme "uza". Sisemi. Ingawa, ukinibana, gari ambalo mwenyewe hajui linaumwa nini si la kumuuzia mtu mwingine, na hapo namfikiria yule wa Tukuyu. Lakini hela ni yako na barabara ni yako, naishia hapo.

Transfa ya nne usilipie hata nusu. Jumamosi mchukue mwanao ashike chaki, halafu nipigie unitajie namba mbili: ya nyuma na ya mbele.

Mama yako