Pindua Kwanza: Niliyojifunza kwa Kukusanya Vitu vya Kale vya Watu wa Kawaida wa Marekani

Bata wangu wa kwanza wa mbao nilimnunua kwa dola 180 katika gulio la Jumapili hapa Pennsylvania. Mchuuzi alinisimulia habari zake kwa utulivu wa mzee wa ukoo: kwamba alichongwa na mwindaji wa ghuba ya Chesapeake kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba alielea majini miaka mingi akiwavuta bata wa kweli washuke mbele ya bunduki. Nilipofika nyumbani nikamlaza chali mezani, nikaona kwamba kipande cha madini ya risasi kinachomzuia asipinduke majini kimekazwa kwa skrubu mbili za nyota, aina ambayo viwanda vya Marekani vilianza kuitoa katikati ya miaka ya 1930. Skrubu peke yake haitoshi kumhukumu mtu, kwa maana mwindaji yeyote angeweza kumkarabati bata wake baadaye, lakini nilipozifungua nilikuta mbao nyeupe inayonukia msonobari mbichi. Nilikuwa nimeingizwa mjini mchana kweupe.

Tangu siku hiyo sijauliza bei ya kitu chochote kabla ya kukipindua. Sababu yake ni nyepesi. Anayeghushi huweka nguvu zake mahali ambapo jicho la mnunuzi linatua kwanza, yaani usoni, ilhali umri wa kweli hujiandika kule ambako hakuna anayetazama: chini ya miguu ya kiti, nyuma ya droo, ndani ya mdomo wa mtungi. Kiti kilichoburutwa sakafuni miaka 100 hulika upande mmoja zaidi ya mwingine, na hakiliki kwa usawa kama kilichopigwa msasa. Misumari nayo inasema: ile ya pembe nne iliyokatwa kwa mashine ndiyo iliyotawala karibu karne nzima ya kumi na tisa, na ile ya mviringo ya waya ikachukua nafasi yake kuelekea mwaka 1890. Skrubu ya mbao isiyo na ncha kali kwa kawaida ni ya kabla ya miaka ya 1840 kuisha. Beba tochi ndogo, lenzi ya kukuzia na bisibisi, na usione haya kuomba ruhusa ya kuvitumia. Anayekunyima ruhusa amekwisha kukujibu.

Mahali pa kununua si tatizo katika nchi hii. Brimfield, katika jimbo la Massachusetts, hufanya gulio lake kubwa mara tatu kwa mwaka, Mei, Julai na Septemba, na wanaofahamu kazi hufika alfajiri wakiwa na tochi mkononi. Hapa kwetu Pennsylvania, mji mdogo wa Adamstown hujaa wachuuzi kila Jumapili. Kila Agosti, barabara namba 127 kutoka Michigan hadi Tennessee, pamoja na zile zinazoiendeleza hadi Alabama, hugeuka gulio moja refu la mamia ya maili. Mimi hupendelea minada midogo ya vijijini, pale mali ya marehemu inapouzwa uani kwake mwenyewe, kwa sababu kitu kinaonekana pamoja na majirani zake: sufuria, jembe, picha za harusi. Ila soma masharti kabla ya kuinua mkono, kwani nyumba nyingi za mnada humtoza mnunuzi asilimia 20 au zaidi juu ya bei iliyogongewa nyundo.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kwilti, yaani mfarishi wa viraka uliotiwa pamba katikati, na hapa nitakaa kidogo. Watu wengi hudhani kwamba mshono wa mkono ni ushahidi wa umri. Sivyo, maana katika miaka ya 1980 na 1990 kwilti zilizoshonwa kwa mkono ziliingia Marekani kwa wingi kutoka ng'ambo, na leo zimekwisha kufuliwa na kufifia kiasi cha kumdanganya asiyejua. Tazama vitambaa, kwa sababu kwilti haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kiraka chake kipya kabisa. Ukikuta kiraka kimoja cha poliesta katikati ya pamba, basi hata kama vingine vyote ni vya bibi wa bibi, kazi ilimalizwa baada ya Vita Kuu ya Pili, au imekarabatiwa. Tochi ya mwanga wa urujuanimno husaidia, kwani nyuzi nyingi za kisasa hung'aa kwa weupe wa samawati gizani, lakini nayo isikutie kiburi: kitambaa cha zamani kilichofuliwa kwa sabuni za siku hizi hung'aa vilevile.

Kwilti niliyoithamini zaidi niliipata Ohio kwa dola 65, na imeshonwa kwa magunia. Katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kampuni za unga na chakula cha kuku zilikuwa zikichapa maua kwenye magunia yao ya pamba, zikijua kwamba mke wa mkulima ataligeuza gunia kuwa gauni, na makombo ya gauni kuwa kwilti. Alama yake ni ndogo mno: ukingoni mwa baadhi ya viraka utaona mstari wa matundu makubwa ya sindano yaliyopangana, mahali ambapo uzi wa kufungia gunia ulifumuliwa. Hakuna mghushi niliyekutana naye aliyejisumbua kuyatoboa. Nilipompigia mama simu ya video kumwonyesha, alinikatiza.

"Mwanangu, umekwenda Marekani kununua magunia?"

"Mama, tazama upande wa nyuma."

Akasogeza uso kwenye simu. "Hiyo si merikani hiyo?"

Aina yake ni ileile. Pamba ile nzito isiyopaushwa, ambayo wanawake wa Marekani waliitumia sana kwa mgongo wa kwilti, ndiyo iliyokuwa ikishushwa Zanzibar kwa majora na meli za Salem, Massachusetts, katika karne ya kumi na tisa, baada ya Sultani Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Kwetu ikabaki na jina la nchi ilikotoka.

Kwa upande wa vyombo vya udongo, anza na mitungi ya kijivu yenye maua ya buluu ya kobalti. Wafinyanzi walitupa chumvi ndani ya tanuri lililokolea moto, mvuke wake ukagandamana na udongo na kuacha ngozi yenye vinyweleo kama ya chungwa. Gonga kwa kifundo cha kidole kama mama anavyogonga chungu sokoni. Mzima hulia, uliopasuka hutoa sauti ya kikohozi. Jihadhari na mtungi wa kale kweli uliopakwa ua jipya na kuchomwa tena, kwani mtungi usio na mchoro huuzwa kwa makumi ya dola, na wenye ndege au simba kwa maelfu. Hapo chumvi imetiwa mara mbili. Vyombo vyekundu vyenye mng'ao wa madini ya risasi ni vizuri kabatini, lakini usivipakulie chakula.

Mtungi mmoja sitaumiliki kamwe, na ningependa kila Mwafrika anayefika huku autafute kwenye makumbusho. Katika wilaya ya Edgefield, South Carolina, mtumwa aliyeitwa Dave alifinyanga mitungi mikubwa ambayo baadhi yake iliingiza galoni 25 na zaidi, akaandika jina lake na mashairi mafupi mabegani mwa mitungi hiyo, katika jimbo ambalo mwaka 1834 lilipiga marufuku kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Mwaka 1857 aliandika kwamba anajiuliza jamaa zake wote wako wapi. Mtungi wake mmoja uliuzwa mnadani mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Harriet Powers wa Georgia, aliyezaliwa utumwani, aliuza kwilti yake ya visa vya Biblia kwa dola 5, na leo imehifadhiwa na Smithsonian, makumbusho ya taifa huko Washington.

Utakutana pia na vibweta vya chuma vya kuwekea sarafu, vyenye sura ya mtu mweusi mwenye midomo iliyovimba na macho yaliyotumbuka. Mara ya kwanza nilisimama mbele ya meza nikiwa na jina la matusi la kitu kile mdomoni, nikashindwa kulitamka. Nakala mpya zimejaa sokoni, kwa hiyo hata kibiashara tu anakosea anayevinunua bila kupindua. Mimi siviingizi nyumbani. Jumba la makumbusho la Jim Crow (jina la mfumo wa zamani wa ubaguzi wa rangi wa Marekani) katika chuo kikuu cha Ferris State, Michigan, linavikusanya ili kufundishia, na kwa maoni yangu hapo ndipo mahali pake.

Sheria nayo ina meno. Manyoya ya tai hayauzwi, hata yakiwa kwenye kofia ya babu, na ndege wengi wengine wa porini wanalindwa na sheria ya mwaka 1918. Pembe za ndovu zimebanwa na kanuni za shirikisho za mwaka 2016, na majimbo kama New York na California yana sheria zake zaidi. Kwangu suala hili si geni, kwa kuwa sehemu kubwa ya pembe zilizokatwa kuwa vitana na vibao vya kinanda katika miji ya Ivoryton na Deep River, Connecticut, ilipitia Zanzibar mabegani mwa wapagazi. Kitana cha namna hiyo nimekishika mara moja, nikakirudisha mezani.

Kuhusu utunzaji nitasema machache: usisugue shaba iliyoota kijani, usipake upya rangi bata wa mbao, na kwilti usiiweke juani wala kuikunja katika mikunjo ileile mwaka baada ya mwaka. Ile ya magunia nilimpelekea mama Tanga Desemba iliyopita, ikiwa imeviringishwa kwenye shuka safi, pamoja na karatasi yenye maelekezo juu ya unyevu, nondo na mwanga. Dada aliniambia karatasi imefungiwa karanga. Kwilti imetandikwa kitandani, na mama ameiongezea kiraka kimoja cha kanga pale ilipokuwa imechanika.