Uhalisia pepe, altrasaundi na huo "uvamizi mdogo" wa moyo

Swali: "Mwalimu, natafsiri habari ya upasuaji wa moyo, nimeandika 'upasuaji wa uvamizi mdogo unaoongozwa na ukweli wa kufikirika na mionzi ya altrasaundi'. Mwenzangu kasoma kacheka. Kosa liko wapi?"

Yako manne, pole. Uvamizi kwa masikio yetu ni majambazi au jeshi, hata ukiongeza "mdogo" mgonjwa ataona kavamiwa tu. Sema upasuaji wa matundu madogo, kwani ndo kinachofanyika, badala ya kupasua mfupa wa kifua wanapitisha vifaa kwenye vitundu kati ya mbavu, au mrija kupitia mshipa wa paja.

Mionzi ndo imeniuma zaidi maana hilo sio kosa la lugha peke yake. Mionzi ni ya eksirei. Altrasaundi ni sauti, yani mitetemo inayozidi 20,000 kwa sekunde, huko sikio la mtu halifiki, inatumwa kifuani inagonga vali, yani vile vilango vya moyo, inarudi, mashine inapima imechelewa kiasi gani kurudi na kutokana na hapo inachora picha. Ni mwangwi kabisa, ule ule wa kupiga kelele bondeni! Daktari wa moyo Edler na mwanafizikia Hertz kule Sweden waliupokea mwangwi wa moyo mwaka 1953, na kipimo chenyewe mpaka leo wodini kinaitwa eko. Mimi ningefurahi kikiitwa mwangwi ila ukimwambia nesi umekuja kupimwa mwangwi atakushangaa, kwa hiyo andika eko.

Haya, ukweli. Kinyume cha ukweli ni uongo, sasa ukisema "ukweli wa kufikirika" msomaji anadhani daktari anaota huku kashika kisu. Neno lililokwishazoeleka ni uhalisia pepe, pepe ile ile ya barua pepe, yani mandhari inayochorwa na kompyuta unayoiona ukivaa miwani maalumu. Na "kufikirika" lifute kabisa, kwa sababu anachokiona daktari kwenye ile miwani kipo. Fikiria moyo haujasimamishwa, unadunda, umejaa damu, ukiingiza kamera ya kawaida mle ndani itaona wekundu basi. Sauti inapita kwenye damu, ila picha ya eko ina ukungu na chuma kinaitia vivuli, ncha ya kifaa huijui iko wapi hasa. Ndo hapo kompyuta inafuatilia kila kifaa kwa vihisio vya sumaku, inakichora pamoja na picha ya eko mahali pamoja, daktari anaona kabisa kwamba hapa naelekea kwenye vali, hapa nakaribia kutoboa ukuta. Kitu pepe hapo ni mchoro, moyo ni wa mtu.

Halafu "unaoongozwa" umeubebesha upasuaji wakati anayeongozwa ni mtu. Mimi ningeandika: upasuaji wa moyo wa matundu madogo, daktari akiongozwa na picha za altrasaundi ndani ya uhalisia pepe. Ni ndefu kidogo, sawa, lakini hakuna atakayecheka.

Na kabla hujauliza, ni altrasaundi imeonyesha, sio kimeonyesha. Hiyo ki- inakuja pale tu ukianza na kipimo cha altrasaundi.