Kabla hujafadhili mafunzo ya gerezani, uliza waliotoka wako wapi

Nimejitolea kwa miaka kadhaa na kikundi cha kanisa letu hapa Nairobi, kutembelea wafungwa na kuwafuatilia wanapotoka. Wanaotaka kufadhili mafunzo huniuliza kwanza: wangapi wamehitimu? Mimi nawasihi waulize, walioachiliwa mwaka jana wanaishije leo?

Kazi inayofanyika ndani naiheshimu. Katika gereza la Kamiti kuna useremala, na nambari za magari hutengenezwa huko. Wapo wanaofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wakiwa kifungoni, na wanaofanya mtihani wa ufundi wakatoka na cheti. Shida huanzia langoni.

Kijana mmoja tuliyemjua alirudi Kayole akiwa seremala hodari. Nilimpeleka kwa fundi katika soko la Gikomba. Alipewa ubao, akaupiga randa mpaka fundi mwenyewe akapitisha kiganja juu yake na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akamuuliza, "Vifaa vyako viko wapi?" Hakuwa na hata msumeno. Akaishia kubeba mizigo sokoni, cheti kikiwa kabatini kwa mamake. Tangu hapo, kikundi chetu hakichangii mafunzo bila kutenga pesa za vifaa vya siku ya kutoka. Na anayetafuta ajira ya kuandikwa ataombwa cheti cha polisi cha mwenendo mwema, ambapo kosa lake la zamani linamsubiri.

Msidanganywe pia na hesabu ya wasiorudi jela. Asiyekamatwa huenda hajabadilika, na aliyehamia kaunti nyingine hakuna anayejua habari zake. Isitoshe, wanaochaguliwa kuingia karakana mara nyingi ni wenye nidhamu tayari. Wengine wangefanya vizuri hata bila mafunzo. Walinganishe waliofunzwa na wenzao wa kosa na kifungo kinachofanana ambao hawakupata nafasi. Halafu kuna mahabusu wa gereza la Industrial Area, wanaosubiri kesi bila kujua watatoka lini. Hao ni vigumu kuwaingiza kwenye kozi ya miezi mingi, na inaniuma kwamba ni nadra kutajwa kwenye ripoti.

Ukipelekewa ombi la ufadhili, omba kuzungumza na waliotoka, kwa hiari yao, na jamaa wanaoishi nao. Ongea na afisa wa urekebishaji wa eneo hilo. Wakikuambia hakuna anayewafuatilia, basi sehemu ya mchango wako imlipe mtu wa kuifanya kazi hiyo.